Crosman M1 Carbine ya kitako cha mbao, bei yake ikoje?

Mzee_wa_Ohio: Wakuu habari, nimeipata bunduki ya upepo Crosman M1 Carbine kwa jirani anayehama hapa Ohio, ile iliyoigwa kutoka karabini (bunduki fupi) ya jeshi la Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, kitako ni cha mbao ila kimechubuka pembeni, nataka niipige msasa na vanishi mpya kabla sijaulizia bei, mnashaurije?

kolekta_254: Usiguse msasa kabisa mkuu!! Mbao ni zile za mwanzo tu, 1966 na 1967, baada ya hapo wakaweka plastiki mpaka 1976, sasa wanaokusanya wanalipia hiyo mbao ilivyotoka kiwandani, ukishaikwangua umeshapunguza thamani. Futa vumbi, chuma kipake mafuta kidogo basi. Magazini (kile kisanduku cha vigololi, risasi zake) ipo? Inachomoka ile, watu huipoteza sana

Mzee_wa_Ohio: Ipo, boksi ndo hakuna

Fundi Side: Boksi likiwepo bei inapanda ila bila boksi bado inauzika vizuri tu. Angalia zilizouzwa kweli zimeenda kwa ngapi, sio bei za matangazo, maana kutangaza kila mtu anaweka anayotaka. Halafu jaribu springi kama bado inasukuma vigololi, isiyopiga wanakulalia