Nyundo ya upepo ya zamani imenilegezea madigadi ya Land Rover, naombeni ushauri

Fundi_Moro
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi bodi, nipo Morogoro, huu ni mwaka wa tisa nanyoosha magari. Nimekwama, na gari si langu, kwa hiyo naomba mnisaidie kabla sijaharibu zaidi.

Mwezi uliopita nilipata kwenye mzigo wa mtumba nyundo ya upepo ya kushika mkononi. Ni ya Kimarekani, ya zamani, imechongwa jina Chicago Pneumatic ubavuni. Ina mkono wa chuma uliopinda kama herufi C. Juu kuna nyundo, chini kuna fuawe ndogo unayoweza kubadilisha. Unaingiza bati katikati, unabonyeza kifyatulio, inagonga harakaharaka mpaka bati linang'aa. Ilikuja na fuawe tatu: moja karibu bapa, moja ina mgongo kidogo, na moja imevimba kama nusu limau.

Kazi niliyoanza nayo ni ubavu wa madigadi ya mbele kushoto ya Land Rover Series III. Mwenye gari ameachiwa na marehemu baba yake, na ameniambia mara mbili kwamba hataki puti, ile lipu ya kujazia mabonyeo, hata kijiko. Juu ya tairi palikuwa pamebonyea na kuna ufa wa sentimita 12. Nilinyoosha kwa mkono, ufa ukachomelewa kwa gesi ya agoni, kisha nikaingia na nyundo ya upepo. Niliweka mgandamizo wa hewa PSI 90, fuawe ile iliyovimba, nikapita pale penye mabonyeo madogo kwa muda wa saa mbili hivi.

Sasa ubavu umelegea. Ukiubonyeza kwa kidole unaingia ndani, ukiachia unatoka na kulia "tok" kama mfuniko wa kopo. Asubuhi haukuwa hivi. Je, nimeua bati? Na hii nyundo inafaa kwa magari kweli, au ni ya kazi nyingine?

Bati_Thika
Pole ndugu. Umelinyoosha bati likawa refu kuliko nafasi yake. Nyundo ya aina hiyo haitoi bonyeo, inamalizia tu. Bonyeo unalitoa kwanza kwa nyundo ya mti na mfuko wa mchanga, au kwa doli, kile kipande cha chuma cha kushikia nyuma ya bati, mpaka umbo lirudi. Kazi ya ile mashine ni kufuta alama ndogondogo za nyundo ambazo zingehitaji puti. Ukiitumia kutoa bonyeo, kila pigo linakamua bati kati ya vyuma viwili, linakuwa jembamba na kutanuka. Na kwa fuawe iliyovimba, nguvu yote inaangukia sehemu ndogo kama punje ya hindi.

Halafu PSI 90 kwa alumini ni nyingi sana. Mimi nikianza hata kwenye chuma cha milimita 0.9 naweka rejuleta 35 au 40, naongeza nikiona haifanyi kitu.

Dada_Karakana
Ngojeni, hapo juu ametaja chuma. Kaka, ulipima na sumaku? Land Rover hizo bodi yake karibu yote ni alumini, zilianza hivyo tangu 1948 kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza. Ila ukuta wa kati ya injini na abiria, na fremu, ni chuma. Nauliza kwa sababu kama nyundo na fuawe zako zimewahi kugonga chuma siku ileile, vumbi la chuma linazama ndani ya alumini, na miezi michache baadaye rangi inaanza kufura vidoadoa. Futa nyuso zote mbili, zipige msasa laini wa 800 halafu 1200, malizia kwa dawa ya kung'arishia. Mkwaruzo wowote ulio kwenye uso wa nyundo utauona umenakiliwa kwenye bati mara elfu.

Fundi_Moro
Dada, sumaku haishiki, ni alumini. Uso wa fuawe una kutu kidogo upande mmoja. Sikujua hilo la vumbi la chuma, asante sana.

Mkongwe_Tanga
Vijana, hamjambo. Nimefanya kazi ya bati tangu 1978, nilianzia kwenye mabehewa. Kabla hatujamhukumu mwenzetu kwamba ametanua bati, naomba ajibu mambo mawili.

La kwanza: pale kwenye ufa uliochomelewa, uligonga au uliruka?
La pili: ule mlio wa "tok" uko juu ya mshono, au pembeni yake?

Fundi_Moro
Shikamoo mzee. Mshono niliuruka, kwa sababu ulikuwa umesimama juu kama uzi mnene, nikaogopa kuuharibu. Nilipanga kuusaga mwishoni kwa grainda. "Tok" iko pembeni ya mshono, pande zote mbili, zaidi kuelekea nyuma.

Mkongwe_Tanga
Marahaba. Basi ugonjwa wako ni huo, na dawa yake unayo mkononi.

Mshono ukipoa unajikunja. Ufa wa sentimita 12 ukishachomelewa haubaki sentimita 12, unakuwa mfupi kidogo, na unavuta bati la jirani. Ni kama kushona nguo ukavuta uzi: pembeni ya mshono kitambaa kinakunjamana ingawa hakijaongezeka hata nukta. Bati la pembeni linakosa mahali pa kukaa, linapwaya. Wewe ukaona limepwaya, ukaligonga hukohuko, ukaliongezea urefu. Pale palipohitaji kutanuliwa ni mshono wenyewe, na ndipo uliporuka.

Fanya hivi. Weka grainda chini, kwa alumini itakuletea joto. Chukua tupa, ipake chaki ya ubaoni ili alumini isinase kwenye meno, usage mshono mpaka ubaki juu ya bati kwa unene wa karatasi nene. Pande zote mbili, nje na ndani. Halafu weka fuawe yenye mgongo kidogo, ile ya katikati. Kanuni niliyofundishwa ni kwamba fuawe iwe na mgongo kuliko bati kwa kiasi kidogo tu: ikiwa bapa zaidi ya bati, kingo zake zitaacha alama, ikivimba mno, utatanua. PSI 35. Pita juu ya mshono peke yake na upana wa kidole kila upande, pale moto ulipofika. Usikae sehemu moja, tembeza kama unapiga pasi. Pita mara moja, acha, bonyeza kwa kidole, sikiliza. Tena mara moja, acha. Usiende kwa saa, nenda kwa kidole.

Na masikio yako yakusaidie. Bati likishikwa vizuri kati ya nyundo na fuawe mlio unakuwa mkali, mfupi, kama unagonga chuma kizito. Ukisikia mlio wa kupwayapwaya, kama kofi, jua fuawe haijagusa kwa chini, unaegemea mkono vibaya. Inua kidogo upate ule mlio mkali.

Bati_Thika
Mzee, hapo nimejifunza. Mimi ningemwambia apashe moto alirudishe.

Mkongwe_Tanga
Moto asiuwashe kwanza, nasisitiza. Chuma kinakuonyesha rangi: unapasha duara la shilingi mpaka liwe jekundu, unagonga taratibu, unaweka kitambaa cha maji, limejikunja. Alumini haiwi nyekundu. Inayeyuka nyuzi 660 hivi, na mchanganyiko kama huu wa Land Rover unaanza kulegea kabla ya hapo. Unaiona nyeupe, nyeupe, ghafla kuna tundu. Akilazimika, apake sabuni ya mche, ikigeuka nyeusi atoe moto papo hapo. Lakini kwenye ubavu mpana na bapa namna ile, joto linasambaa na kupinda kila kitu. Hiyo iwe ya mwisho kabisa.

Birmingham_Mswahili
Nipo Uingereza, nafanya kazi na watu wanaorudisha magari ya zamani. Nakubaliana na mzee. Swali dogo: aliyekuchomelea alitumia waya gani? Kama ni 4043, ile ya silikoni, mshono hauvumilii kugongwa sana, unaweza kuufungua tena. Ya magnesi, 5356, inavumilia zaidi. Kama hujui, gonga kidogo, angalia kwa tochi, endelea.

Jambo jingine, maungio ya upepo ya nyundo hiyo. Vifaa vya Kimarekani vina thredi ya NPT, kipimo cha kwao, na huko nyumbani fitingi nyingi ni BSP, kipimo cha Kiingereza. Kwenye robo inchi moja ina meno 18 kwa inchi, nyingine 19. Inaanza kuingia vizuri halafu inakaza. Usiilazimishe, utapasua mwili wa nyundo ambao hutaupata tena. Mpelekee fundi wa kukereza akutengenezee adapta.

Fundi_Moro
Kumbe! Ilikuwa inavuja pale pale, nikaongeza tepu nyeupe. Nitaipeleka kukerezwa. Waya sijui, nitamuuliza aliyechomelea.

Dada_Karakana
Ukiwa unaifungua, ioshe ndani kwa mafuta ya taa, ikauke, kisha matone machache ya mafuta ya cherehani kwenye tundu la hewa kila ukianza kazi. Grisi usiweke, inakwamisha vali. Na tanki la kompresa limwage maji kila jioni. Mimi niko Dar, kwa unyevu wa huku nikisahau siku mbili nyundo inatema maji yenye kutu juu ya kazi.

Na vaa vizibo vya masikio, kaka. Mwalimu wangu hasikii upande wa kulia.

Fundi_Moro
Wakuu, narudi na mrejesho, samahani nimechelewa wiki nzima.

Waya ulikuwa 5356, nimeshukuru. Nilisaga mshono kwa tupa siku mbili, polepole. Nikaweka 35, fuawe ya katikati, nikapita juu ya mshono tu. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya tatu nilibonyeza upande wa mbele, kimya. Sikuamini, nikabonyeza tena. Upande wa nyuma "tok" imebaki, lakini imepungua kutoka upana wa sahani hadi kiganja. Nadhani hicho ndicho nilichotanua mwenyewe kwa ile saa mbili.

Mzee, hapo nifanyeje?

Mkongwe_Tanga
Usiguse. Funga madigadi kwenye gari na bolti zake zote kwanza. Ubavu ulio mezani haujavutwa na kitu, ukifungwa unakaa tofauti. Ukiendelea kulia baada ya hapo, lete picha, tutatafuta pa kukunja kutoka ukingoni, bila moto.

Fundi_Moro
Nimefunga jana jioni. Bolti za nyuma nilizikaza mwisho, na ile "tok" ikaondoka kwenye bolti ya tatu. Leo asubuhi kukiwa na baridi nimebonyeza tena, na saa nane jua likiwa kali, kimya. Mwenye gari kapita, kapitisha kiganja pale penye ufa, kaniuliza ufa ulikuwa wapi. Jumatatu naanza praima ya alumini.