Nani alimfikisha Saina? Gumzo la kikundi cha ukoo

Shangazi Mwanaidi: Baba Nasra, nasikia umemnyang'anya mtoto raketi. Kweli, au maneno ya watu?

Baba Nasra: Sijamnyang'anya dada. Nimeifungia kabatini mpaka mitihani ipite. Hebu niambieni, badminton inamlisha nani?

Idrisa (Hyderabad, India): Shikamooni wakubwa. Mjomba, swali hilo usije ukaliuliza huku, watakucheka. Huu ndio mji wa kina Saina Nehwal na Sindhu, mabinti mabingwa wa badminton wa India.

Mjomba Hamisi: Saina si yule wa shaba ya London 2012?

Idrisa: Ndiye. Medali ya kwanza ya India ya badminton kwenye Olimpiki. Ila kazaliwa Hisar, jimbo la Haryana, 1990. Baba yake, Harvir Singh, ni msomi wa kilimo. Kazi ikamleta huku Hyderabad, Saina akiwa na miaka 8, Kitelugu hajui, rafiki hana.

Nasra: Raketi ikawa rafiki 😄

Idrisa: Karate pia alicheza, mkanda wa kahawia akaupata. Badminton ilikuwa ya mama yake, Usha Rani. Alikuwa mchezaji wa jimbo kule Haryana.

Shangazi Mwanaidi: Mnaona! Damu hiyo. Halafu anayesifiwa ni baba.

Mjomba Hamisi: Damu gani? Wazazi wa Sindhu wote wawili walikuwa wa voliboli. Baba mtu alikuwemo kwenye timu iliyochukua shaba Michezo ya Asia, Seoul 1986. Binti akamwona Gopichand, Mhindi mwenzao, kashinda mashindano ya badminton ya All England 2001, akashika raketi.

Shangazi Mwanaidi: Damu ya michezo, Hamisi. Au ule urefu wake Sindhu kaununua sokoni?

Bibi *(sauti, kaandika Nasra):* Huyo Saina, kwao walimpokeaje mtoto wa kike?

Idrisa: Bibi, umegonga penyewe. Saina mwenyewe kasimulia kwamba bibi yake alitaka mjukuu wa kiume, mwezi mzima hakwenda kumtazama.

Bibi *(sauti):* Astaghfirullah! Mwezi mzima? Na medali alizitazama?

Mjomba Hamisi: 😂😂 Bibi bwana

Idrisa: Sasa sikilizeni hili. Alfajiri baba anampakia kwenye skuta, kilomita kama 25 mpaka uwanja wa Lal Bahadur, na shule inamngoja. Mtoto akawa anasinzia njiani. Ikabidi mama naye apande, akae nyuma amshikilie asidondoke. Mji huu mimi naupita kwa bajaji mchana na bado nafika hoi.

Shangazi Mwanaidi: Ndiyo maana nikasema mama.

Baba Nasra: Na gharama je? Mbona hazitajwi?

Idrisa: Nilikuwa nakuja huko. Kinyoya kimoja cha mashindano, kile kinachopigwa badala ya mpira, kina manyoya 16 ya bata bukini, ukikipiga smashi za nguvu kinachanika, unatupa unachukua kingine. Bado raketi, nyuzi, viatu. Mshahara haukutosha, mzee akawa anachomoa kwenye akiba yake ya uzeeni.

Baba Nasra: Haya sasa! Akiba ya uzeeni! Na binti asingeshinda?

Mjomba Hamisi: Hapo ana haki. Tunasimuliwa habari za walioshinda tu. Waliotumia akiba wakarudi mikono mitupu, nani anawajua?

Shangazi Mwanaidi: Lakini 2015 Saina si alikuwa namba moja duniani? Mwanamke wa kwanza wa India.

Baba Nasra: Sibishi. Ila yule baba yake ana shahada ya uzamivu, na alikuwa na mshahara wa kila mwezi. Mimi nina duka la rangi, mvua zikianza hakuna anayepaka nyumba.

Nasra: Baba, akiba yako sijaiomba. Nataka Jumamosi jioni tu.

Baba Nasra: Mitihani kwanza.

Bibi *(sauti):* Mwanangu, saa moja ya Jumamosi itafelisha mtihani gani?

Baba Nasra: Mama na wewe!

Mama Nasra: Ufunguo wa kabati ninao mimi. Nasra, njoo jikoni.