Nitajuaje kama barua pepe imefika na imesomwa?

FundiSare_Moro:
Wakuu, habari za jioni. Nashona sare hapa Morogoro. Jumatatu nimetuma bei za sweta na sketi kwa shule moja, mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Mpaka sasa kimya. WhatsApp ningeona tiki mbili za bluu, ila kwenye Gmail ya simu naona tu kwamba imetumwa. Mhasibu naogopa kumpigia kila saa, atanichoka. Kuna kijana kaniambia niweke programu ya kunionyesha kama kaifungua. Inasaidia kweli?

Waya_Mrefu:
Dada, umepata ujumbe wowote wa Mailer-Daemon, ule unaorudi barua ikishindwa kufika? Ungeandika anwani isiyokuwepo, kwa kawaida ungerudishiwa mapema. Seva yao, yaani kompyuta inayopokea barua zao, ikiwa imezima, Gmail hujaribu tena na tena kwa siku kadhaa, na hukutaarifu kwamba kuna ucheleweshaji. Kama hakuna kilichorudi, kuna uwezekano mkubwa seva yao imeipokea. Ila huenda imetupwa kwenye spamu, yaani folda ya barua taka, na hilo kwa upande wako huwezi kuliona.
Kuhusu kusomwa: Gmail ya bure haina taarifa hiyo. Akaunti za kazini au shuleni zinaweza kuwa nayo, msimamizi akiiruhusu. Outlook, programu ya barua ya Microsoft, nayo unaweza kuomba, lakini mpokeaji ana haki ya kukataa.

kitunguu_maji:
Hizo programu achana nazo. Zinapachika kapicha kasikoonekana kwenye barua yako. Kakipakuliwa, wanahesabu barua imesomwa. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha hata kama mtu hajafungua chochote. Mwenye simu aliyezima picha naye anasoma yote, wewe unaambiwa bado. Halafu kumpeleleza mteja kimyakimya, mimi sipendi.

KaraniMstaafu:
Mwanangu, nimekaa masijala miaka mingi. Mhasibu mwache. Piga ofisini, mtajie karani kichwa cha barua yako na anwani uliyotumia. Asipoiona, atazame spamu ukiwa bado hewani. Kisha muombe akujibu “imepokelewa” kwa barua pepe hiyohiyo. Na kama tangazo linaruhusu kuleta kwa mkono, peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa tarehe urudi nayo.

FundiSare_Moro:
Shikamoo mzee, ahsante. Mailer-Daemon hakuna, hivyo nimepiga. Ilikuwa spamu! Karani kaitoa na kanijibu hapohapo “imepokelewa”. Sasa anauliza kama sweta za wakubwa nazo ni bei ileile. Nipo kwenye daladala, ngoja nishuke nimjibu.