Starta inazungusha injini, lakini gari haliwaki

Muulizaji, Tabora: Ndugu mafundi, gari langu la petroli limezimika barabara ya Urambo, starta inazungusha injini kwa nguvu, lakini haiwaki. Nianzie wapi?

Fundi, Kigoma: Betri usiihangaikie. Fungua swichi bila kupiga starta, usikilize mvumo mfupi wa pampu ya petroli ndani ya tangi. Usiposikika, kagua fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayoiwasha pampu) kabla ya kununua pampu, kosa ambalo wengi hulifanya.

Mchangiaji: Pampu ikivuma, pima cheche. Zikikosekana kwenye plagi zote, mimi hushuku sensa ya kranki, kifaa kinachosoma mzunguko wa injini, ambayo huweza kugoma injini ikiwa na moto na kurudi ikipoa.

Muulizaji: Pampu iko kimya, fyuzi yake imeungua.

Fundi, Kigoma: Weka ya ampea zilezile. Ikiungua tena, tafuta waya uliochubuka, wala usiunganishe waya mtupu mahali pa fyuzi.