Tupeane uzoefu: kipaji kikishageuka kazi, muda wa kujifurahisha mnaupata wapi?

Wakuu, habari zenu. Nilianza kupiga picha kwa kamera ya kuazima, kwa mapenzi tu. Huu ni mwaka wa saba picha ndizo zinazonilisha, na nashukuru. Lakini siku ya mapumziko nikiiona kamera, mwili unachoka kabla sijaigusa. Kilichokuwa starehe yangu kimeshakuwa kazi, na pengo lake sikuliziba na kitu.

Mwaka huu nikaanza bustani ya maua. Wiki ya pili nikajikuta nasubiri mwanga mzuri niyapige picha, tena nawaza yatakavyopendeza kwenye ukurasa wa biashara. Nilishtuka. Sasa simu inabaki ndani, na saa ya bustani nimeiandika kwenye kalenda kama oda: Jumanne, saa kumi na moja jioni. Mteja akiitaka saa hiyo namwambia nina miadi, na kweli ninayo.

Nyie wenzangu mnafanyaje?

Fundi cherehani: Kaka, umenigusa. Mimi nashona mchana kutwa, usiku nafuma sweta. Shida yangu si muda, ni watu. Kila anayeiona anasema, "Hizi ungeuza!" Najua wananisifu, ila nilishawahi kulikubali neno hilo kwenye kushona na najua lilinifikisha wapi. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, waliwachukua watoto wadogo waliopenda kuchora, baadhi wakaahidiwa cheti kama zawadi. Siku za baadaye, walipoachwa wachague mchezo wenyewe, wale walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao. Nilipolisoma hilo nikamkumbuka binti niliyekuwa, aliyekesha akimshonea mwanasesere gauni bila kuambiwa na mtu. Sweta zangu hazina bei. Nagawa, na nyingine nafumua nianze upya kwa raha zangu.

Mtunzi wa programu: Mimi nilishindwa kabisa kujipangia muda peke yangu. Kazi ikizidi, cha kwanza kukatwa ni starehe. Kilichoniokoa ni kwaya. Siku ya mazoezi imepangwa na wengine, na besi tuko watatu tu. Nisipoenda pengo linasikika. Saa mbili nzima sioni kioo cha kompyuta.

Mama wa mapacha: Dakika ishirini za gitaa wakishalala. Hazitoshi, lakini siziachii.

Mchoraji matangazo: Naomba nitofautiane kidogo. Si lazima ukimbilie kitu kingine. Mimi nilirudi kwenye penseli na daftari, bila mteja, bila tarehe ya kukabidhi, na simwonyeshi mtu. Mkono ni uleule, ila haufanyi kazi. Ingawa nawaelewa mnaohama: Ingres, mchoraji mkubwa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1867, alipenda sana kupiga fidla, hadi leo Wafaransa hukiita "fidla ya Ingres" kitu mtu anachokipenda pembeni ya kazi yake.

Mwanzisha mada: Mchoraji, hilo la daftari limenikaa. Ile kamera ya kwanza ya kuazima mwenyewe bado anayo. Nitamwomba tena wiki hii, niweke filamu moja, na nikishapiga sitamwahidi mtu picha. Dada fundi, ukifumua sweta nzima huumii? Hebu tueleze, maana mimi kufuta picha tu naona tabu.