Mtoto wa wiki saba ametoka vipele mpaka kwa nyayo, kemisti anasema ni joto. Kuna mtu ameona kitu kama hii?

MamaRehema_Nyalenda
Wazazi wenzangu habari za jioni. Niko Nyalenda hapa Kisumu, mtoto wangu wa pili ako wiki ya saba, ananyonya vizuri na uzito unapanda, shida ni ngozi. Alipozaliwa alikuwa na vidoti vyeupe kwa pua, halafu siku ya tatu hivi akatoka madoa na vipele kifuani, nesi wa wodi akasema tusipake kitu itaisha yenyewe na kweli ikaisha. Za saa hii ni tofauti. Zilianza kwapani zikashuka tumboni sasa ziko kwa viganja na nyayo, zingine zina maji ndani, na usiku halali, ni kusugua miguu na kulia tu. Kemisti ya mtaani iliangalia picha kwa simu wakasema ni joto wakatupea krimu ya tyubu, ile imechanganya dawa ya fangasi, antibayotiki na stiroidi. Ilitulia kidogo halafu ikarudi imesambaa kuliko mwanzo. Mama mkwe naye anasema ni sihoho, yaani jicho baya, ameleta manyasi, zile dawa za miti shamba, ya kumuogesha kutoka Bondo. Sitaki kumkosea heshima lakini naogopa. Nishaurini tafadhali.

Dani_Kondele
Pole sana nyathina (mwanangu). Joto ya Kisumu inasumbua watoto kweli, watu wanavalisha mtoto sweta mbili na mavin, ile kofia ya sufu, saa saba mchana alafu wanashangaa shingo imejaa vipele. Hiyo ya joto ukimvua na kumpangusa na maji ya kawaida inapungua haraka, na poda usiweke, anaivuta kwa mapafu. Lakini mimi nimelea watoto na wajukuu na sijaona joto ikishika nyayo. Mpeleke hospitali aguswe, simu haioni ngozi.

NesiWaWatoto
Dani amesema ukweli. Mama Rehema, nijibu kwanza: kuna mtu mwingine anajikuna hapo kwa nyumba?

MamaRehema_Nyalenda
Sasa umenishtua. Kifungua mimba wangu anajikuna katikati ya vidole, haswa usiku, na dada wa kazi ako na vipele kwa kiwiko cha mkono, tulidhani ni sabuni mpya ya kufua.

NesiWaWatoto
Basi kwa vile umeeleza hii inafanana sana na upele, ule wa wadudu wadogo wanaochimba ndani ya ngozi, ila lazima aonekane ndio tuwe na uhakika. Mtu mzima unampata kwa vidole, viwiko, kiuno, lakini mtoto mchanga unampata hata kwa viganja, nyayo na kichwa, na ndio maana watu wengi wanamkosea. Pia ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu kama zile picha za intaneti, unaona tu vipele vya rangi ya ngozi ama vyeusi kidogo. Mtu akishikwa mara ya kwanza anaweza kaa wiki kadhaa kabla aanze kuwashwa, kwa hivyo hata asiyejikuna leo anaweza kuwa nao.

Hiyo krimu wacha. Stiroidi inatuliza mwasho, mdudu anaendelea kuzaana chini chini, halafu ngozi inabadilika mpaka daktari naye anapata shida kuitambua.

Dawa: krimu ya permethrin ya 5% ndiyo hutumika sana lakini imepitishwa kwa watoto kuanzia miezi miwili, wako bado, kwa hivyo usinunue kiholela. Kwa umri wake mara nyingi daktari ataandika mafuta ya salfa, yananuka lakini ni salama. Ile BBE (benzyl benzoate, dawa ya maji ya kupaka) usimpake vile iko kwa chupa, ya watu wazima ni 25% na mtoto mchanga itamchoma. Mtoto atapakwa dawa ya daktari mpaka kichwani ukiepuka macho na mdomo, na umvalishe soksi kwa mikono asilambe. Na nyumba yote mpakwe usiku mmoja, hata asiyewashwa, alafu mrudie baada ya wiki moja kama mtapewa permethrin. Hapa ndio watu huanguka, wanatibu mtoto peke yake, anarudi kulala na kakake na mambo yanaanza upya.

Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya dawa kufanya kazi, usirudie kupaka kila siku.

BabaMapacha_Ahero
Nesi samahani nadandia hapa, na magodoro? Jirani aliambiwa achome. Alafu kijana wangu wa darasa la pili ako na mashilingi (fangasi ya mviringo) kwa kichwa, hiyo krimu ya tyubu pia ndio tulipewa.

NesiWaWatoto
Usichome godoro ya mtu! Mdudu huyo akitoka kwa mwili anakufa kwa siku mbili tatu hivi. Nguo na shuka fua na maji moto uanike juani, zile hazifuliki funga kwa mfuko wa plastiki siku kadhaa. Kijana wako anahitaji dawa ya kumeza, kawaida griseofulvin kwa wiki sita hadi nane, krimu haifiki kwa mzizi wa nywele. Mpeleke apimwe uzito ndio wajue kipimo.

MamaRehema_Nyalenda
Asanteni sana. Na manyasi nitamwambiaje mama mkwe?

NesiWaWatoto
Mwambie kwa heshima kuwa ngozi imechubuka na miti shamba inaweza kuichoma, na kunywa asinywe kabisa, mpaka miezi sita ni maziwa yako tu. Alafu kama alimbeba mtoto, naye apakwe dawa, na wakati huo atakusikiza vizuri zaidi kwa sababu mko matibabu moja.

Kesho asubuhi nenda kliniki na kitabu cha mtoto, mwende na kifungua mimba pia. Lakini usingoje kesho kama anakataa kunyonya, amelegea, joto ya mwili imefika 37.5, ama vipele vimejaa usaha. Hapo ni hospitali usiku huo huo, hata kama ni Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu.

MamaRehema_Nyalenda
Nimempima saa hii, 36.8 na amenyonya. Tunaenda asubuhi sisi wote, dada wa kazi pia.