Amemnyang'anya mtoto bango mbele ya kamera! Huyu mzee wa softiboli amezidi

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Niko kwenye maegesho ya viwanja hapa Texas, jua la kukaushia dagaa, binti yangu kiti cha nyuma kajifunika taulo usoni, hataki hata soda. Wazazi wa softiboli (mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, ndugu wa besiboli) mlioko huku mnamjua ninayemsema. Yule yule anayetangaza matokeo kwa kipaza sauti. Simtaji.

Kalivuta bango la kufuzu, lile timu inalopewa ikipata tiketi ya ubingwa wa taifa, kutoka mikononi mwa mtoto. Mtoto wa miaka 12!

Kwa msiojua: huku hakuna ubingwa mmoja wa taifa. Kila shirika lina wake: USA Softball (zamani ASA) wana wao, USSSA wao, PGF wao kule California. Kwenye mashindano ya kufuzu zinatolewa tiketi chache za kwenda huko, na kama bingwa alishafuzu kwingine, tiketi yake inashuka kwa anayefuata. Leo tiketi mbili. Bingwa anayo tayari. Sisi wa tatu. Hata mtoto wa darasa la pili anaijua hesabu hiyo: wa pili anachukua, wa tatu anachukua. Wakatuita wenyewe! Watoto wakakimbia, wakalishika bango, simu zimeinuliwa, ndipo huyo bwana anakuja mbio na karatasi: "Hamkuweka alama kwenye fomu kwamba mnaitaka." Akalivuta. Kawapa wa nne. Wa nne tuliowachapa jana 9-1!

Nani anaenda mashindano ya kufuzu halafu hataki kufuzu? Na kama shida ni fomu, kwa nini asiseme kabla hajatuita? Lile bango lina alama za vidole vya udongo mwekundu, vidole vya wanangu, na wale wamepiga nalo picha hivyo hivyo wakicheka. Kalivuta, jamani. Kalivuta!

Kijana_wa_Stendi: Softiboli ndiyo nini, ile ya rungu la kufukuzia nyoka? Weka picha.

MamaBango (mtoa mada): Ndiyo hiyo, na inarudi Olimpiki ya Los Angeles 2028. Picha ipi niweke na bango wamelichukua?

Baba Mapacha Ohio: Pole dada. Hamia Little League, ile ligi ya watoto ya mitaani. Huko unashinda wilaya, jimbo, kanda, unaenda fainali zao Greenville, North Carolina. Hakuna tiketi ya kushuka.

Shangazi_Dallas: Usimdanganye mwenzio. Little League ligi inachagua timu ya nyota, na nyota wa kwanza ni mtoto wa kocha. Wangu alikaa benchi msimu mzima akimshikia chupa ya maji mtoto asiyejua hata kudaka.

Fundi Saa: Dada, si ungesoma tu fomu?

MamaBango: Fomu hazijazwi na wazazi, zinajazwa na kocha! Na hoja yangu ni bango. KALIVUTA.

Mlinda_Lango_Mstaafu: Mnalia na mabango? UMISSETA, michezo ya sekondari Tanzania, unatoka shule, kata, wilaya, mkoa ndiyo taifa, na kila ngazi wanachuja. Mimi mpira wa mikono nilichaguliwa timu ya mkoa, begi nimeshapanga, mwalimu mmoja simtaji akanikata usiku. Asubuhi jezi yangu kavaa mpwa wake.

Kijana_wa_Stendi: Mkuu huyo mwalimu namjua! Ana pikipiki nyekundu?

Mlinda_Lango_Mstaafu: Nyekundu, haina saitimira!

Fundi Saa: Kumbe mnamjua wote. Mimi alinikata riadha, akasema mita 1500 nimekimbia "kwa dharau".

MamaBango: Jamani turudi kwenye bango.

Shangazi_Dallas: Kwa dharau? Mtu anakimbiaje kwa dharau?

Fundi Saa: Nilimaliza wa kwanza nikageuka nyuma kuangalia wenzangu wamefika wapi.

Baba Mapacha Ohio: Hapo mwalimu alikuwa na haki. Halafu kambini maharage yalikuwa na wadudu au ni kwetu tu?

Mlinda_Lango_Mstaafu: Wadudu ndiyo ilikuwa nyama yenyewe. Fungua uzi wake tuje.